Kadha ya Vidonge

Kila alfajiri, baada ya kuswali, Rukiyo alijitanda shuka yake, akabeba madumu matupu aliyoyafukiza moshi jioni, akatoka kwenda barabarani. Huko aliyangoja maziwa ya ngamia yaliyoletwa na lori kutoka vijijini, kisha akayapeleka kuyauza sokoni Garissa. Lakini hakuvuka kizingiti cha nyumba yao mtaani Bulla Iftin kabla ya kusema neno lile lile.

"Filsan, dawa ya ayeeyo."

"Ndiyo, hooyo."

Kwa Kisomali, hooyo ni mama, na ayeeyo ni bibi. Ayeeyo Ardo, mama yake Rukiyo, alikuwa amekaa Hulugho maisha yake yote akichunga ng'ombe. Ukame ulipowamaliza ng'ombe, na macho yake nayo yakaingia ukungu, bintiye alimleta mjini. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa kwenda mbio. Daktari alimwandikia vidonge vidogo vyeupe vya kuupunguzia kasi, kimoja kila asubuhi baada ya chai. Kwa kuwa ayeeyo hakuona vizuri wala hakujua kusoma, kazi ya kumpa kidonge ilikuwa ya Filsan, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mbili.

Mwanzoni Filsan aliifanya kazi hiyo kama amana. Alimimina chai ya maziwa yenye hiliki, akaiweka anjera, mkate mwembamba wa unga uliochachuka, kwenye sahani, akangoja ayeeyo amalize, kisha akamwekea kidonge kiganjani. Ayeeyo alisema Bismillahi, akakimeza, akamwombea dua mjukuu wake.

Kisha ukaja mchezo wa kamba. Wasichana wa darasa lao walianza kufika shuleni mapema, kabla ya kengele, kushindana kuruka kamba ya katani. Ruweyda, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuwa akimwita ukutani kabla hata chai haijapoa.

"We Filsan! Unapika chai ya harusi? Wenzako wameshaanza!"

Filsan alitoka mbio, viatu mkononi. Asubuhi ya kwanza alisahau dawa kweli. Alipokumbuka alikuwa tayari darasani, na siku nzima roho yake haikutulia. Jioni aliporudi, ayeeyo alimuuliza, "Mjukuu wangu, leo ulinipa kile kidonge?"

Angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia hapo. Badala yake ulimi uliteleza. "Nilikupa, ayeeyo. Umesahau?"

Ayeeyo alicheka. "Basi ni uzee huu. Kichwa changu kimekuwa kama kichujio cha chai, kizuri chote kinapita, yanabaki majani."

Uongo ukishapata mlango, haubishi hodi mara ya pili. Asubuhi nyingine Filsan alisahau tena, na nyingine hakusahau, ila aliona atachelewa. Hooyo alipomuuliza jioni, "Umempa ayeeyo dawa?" alijibu, "Ndiyo, hooyo," bila hata kuinua kichwa. Vidonge visivyomezwa vikabaki ndani ya bahasha yake ya plastiki juu ya kabati.

Ijumaa moja jioni, hooyo alikuwa amekaa mkekani akifungua saumu kwa tende na maji. Ramadhani ilikuwa imepita, lakini yeye alikuwa akilipa kadha, yaani kufunga zile siku alizozikosa ndani ya mwezi kwa sababu ya ugonjwa.

"Jumatatu ayeeyo ana kliniki," alisema. "Tutakwenda na bahasha ya dawa. Yule muuguzi ana macho ya mwewe. Lazima avihesabu vidonge vilivyobaki."

Filsan aliinuka. Alipoingia chumbani akaichungulia bahasha. Vilivyobaki vilikuwa vingi mno. Aliwaza kuvitupa chooni, akaogopa. Kutupa dawa iliyonunuliwa kwa jasho la mama yake kungekuwa dhambi juu ya dhambi. Na tena, aliwaza, ayeeyo atakuwa amekosa haki yake.

Akiwa katika kuwaza huko, yalimjia maneno ya maalim wa madrasa. Wiki ile ile maalim alikuwa amewafundisha: "Siku ya saumu uliyoikosa ni deni. Na deni la Mwenyezi Mungu ndilo lenye haki zaidi ya kulipwa." Filsan akamkumbuka hooyo mkekani na tende zake. Mbona hooyo analipa siku zake zote alizokosa, na deni linafutika? Kumbe na dawa nazo zinaweza kulipwa! Ayeeyo atapata haki yake, na hesabu ya muuguzi itatimia. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Jumamosi asubuhi, hooyo alipokwisha kwenda kwenye maziwa, Filsan alimpa ayeeyo chai. Kisha akammiminia vidonge kiganjani.

Ayeeyo alivipapasa kwa kidole gumba. "Mbona leo ni kama mtama wa kuku?"

"Ni za siku zilizopita, ayeeyo," Filsan alisema, na hilo peke yake lilikuwa kweli. "Tunazilipa. Ni kama kadha."

"Mashallah! Nimepata mjukuu mwanachuoni." Ayeeyo Ardo, ambaye maisha yake yote hakuacha deni la saumu wala la mtu, alisema Bismillahi, akavimeza vyote kidogo kidogo kwa chai.

Filsan akaenda madrasa na moyo mwepesi.

Aliporudi, jua lilikuwa limepanda na mabati ya nyumba yalikuwa yakilia kwa joto. Ayeeyo alikuwa amelala kivulini, ubavu chini, kikombe kimepinduka kando yake. Filsan alimshika mkono. Siku yenye joto kama ile, mkono wa ayeeyo ulikuwa wa baridi na umelowa jasho.

"Ayeeyo! Ayeeyo, amka!"

Midomo ya bibi ilitikisika. "Dunia inazunguka," alinong'ona. "Mwite mama yako."

Ruweyda alisikia kilio, akakimbia sokoni kumwita Rukiyo. Jirani yao Hared, mwenye bajaji, aliwabeba wote mpaka hospitalini, honi ikilia njia nzima, yeye akipiga kelele, "Pisha! Pisha mgonjwa, walahi!"

Hospitalini, muuguzi mmoja mnene wa kutoka Kitui alimfunga ayeeyo mkanda wa kupima presha, akautazama, akaufunga tena. Akamwita daktari. Daktari Salah alikuja kwa haraka, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, akaitazama saa yake.

"Mapigo yako chini sana," alisema. "Na presha imeanguka. Mama, mzee anatumia dawa gani?"

"Ya moyo, daktari. Vidonge vyeupe vya kupunguza mbio."

"Anameza vingapi?"

"Kimoja kila asubuhi, walahi. Binti yangu huyu ndiye anayempa." Rukiyo aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Filsan. "Hajawahi kukosea hata siku moja."

Mkono ule ulikuwa mwepesi, lakini Filsan aliuhisi mzito kama dumu lililojaa.

Daktari alitikisa kichwa polepole. "Basi huenda ni moyo wenyewe umechoka." Alimchoma ayeeyo sindano, wakaangalia mashine. Namba zilipanda kidogo, zikashuka tena. Muuguzi akaongeza maji kwenye mshipa. Hazikupanda. Ayeeyo alikuwa amefumba macho, uso wake wa kijivu kama majivu ya jikoni. Rukiyo alianza kusoma Yasini kwa sauti ya kukatika.

Filsan alikuwa amesimama ukutani. Akisema, hooyo atajua kwamba uongo ulikuwa ukilala nao nyumba moja majuma yote yale. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Ayeeyo mwenyewe hawezi kusema tena. Akautazama ule mkono wa ayeeyo, kiganja kimefunguka juu ya shuka, kiganja kile kile alichokiwekea vidonge asubuhi. Ayeeyo alivipokea bila kuuliza mara mbili kwa sababu alimwamini.

"Daktari," alisema. Hakusikika. Akasema tena kwa nguvu, "Daktari! Si kimoja. Leo nilimpa vingi."

Yasini ikakatika.

Daktari Salah aligeuka, akachutama mbele yake mpaka macho yao yakalingana. "Sema taratibu. Vingi vipi? Saa ngapi?"

"Baada ya chai ya asubuhi. Vyote tulivyoruka... nilivyoruka mimi. Sikuwa nampa, nikasema nampa. Leo nikavilipa pamoja, kama kadha." Alilia kwa kwikwi, lakini hakuacha kusema. Akatoa mfukoni mwa gauni lake ile bahasha ya plastiki, aliyoichukua walipokuwa wakitoka nyumbani.

Daktari aliisoma, akavihesabu vichache vilivyobaki, akalinganisha na tarehe iliyoandikwa, akasimama. Sauti yake haikupanda, ila miguu ya watu wote ilianza kwenda mbio.

"Hii ni sumu ya beta-bloka," alimwambia muuguzi. "Leta glukosi na insulini. Mpigieni simu daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, tunamleta."

Rukiyo alishtuka. "Insulini? Hiyo si ya wenye sukari? Mama yangu hana sukari!"

"Najua, mama. Dawa aliyomeza huufunga breki moyo. Kidonge kimoja kinaufunga kidogo tu, uende kwa utulivu. Vikiwa vingi, moyo unakaribia kusimama, na unashindwa hata kula chakula chake. Watafiti walihangaika na sumu hii miaka mingi, maana dawa za kawaida mara nyingi hazitoshi. Wakagundua kwamba insulini nyingi, pamoja na sukari na uangalizi wa karibu, huufungulia moyo mlango wa chakula. Bado wanaendelea kujifunza. Sisi tutafanya walichotufundisha, na wewe uendelee kusoma Yasini yako."

Waliusukuma mlango mkubwa wa vioo wa chumba cha wagonjwa mahututi, wakaingia na kitanda. Rukiyo na Filsan wakabaki kwenye benchi. Hooyo hakumpiga, hakumgombeza. Alitazama sakafu tu, na kwa Filsan hilo lilikuwa gumu kuliko fimbo.

Muda mrefu ukapita. Adhuhuri iliadhiniwa, wakaswali kwa zamu. Filsan alisujudu, na hakuwa na maneno mengi. "Ya Rabi, usimchukue kwa ajili yangu," ndiyo dua yake yote.

Alasiri ilipokaribia, Daktari Salah alitoka, kofia mkononi. "Moyo umeanza kuitika," alisema. "Hajavuka mto wote, lakini miguu inagusa chini."

Rukiyo aliuficha uso kwenye shuka yake, mabega yakatikisika. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanyosha mkono akamvuta Filsan ubavuni.

Daktari alikaa nao. "Filsan, nitakwambia mambo mawili, na yote ni ya kweli. Ungesema mapema, tungempa dawa sahihi mapema. Na kama usingesema kabisa, ningeendelea kutibu ugonjwa ambao hana."

Filsan aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka mapajani.

Siku ya tatu waliruhusiwa kumwona ayeeyo wodini. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa umerudi kabla ya nguvu zake. Alikuwa akimwambia muuguzi wa Kitui kwa Kiswahili chake cha Hulugho, "Wewe dada, mimi nabiga sindano mingi. Mimi si ng'ombe ya chanjo!" Muuguzi alicheka mpaka akashika kiuno.

Filsan alipiga magoti kando ya kitanda. "Ayeeyo, nisamehe. Nilikudanganya. Hukuwa ukisahau. Kichwa chako ni kizima."

Ayeeyo Ardo alinyosha mkono. Akaupapasa uso wa mjukuu wake, kama mtu anayemtafuta ndama wake gizani.

"Nimekusamehe, na Mungu akusamehe," alisema. "Hilo la kichwa ndilo lililoniuma. Nilidhani akili inaniaga. Sasa sikiliza, na umwambie na Ruweyda. Mwenye deni la saumu hulilipa siku baada ya siku, hafungi siku zote kwa mara moja. Na Anayelidai ni Mola, Naye ni mwenye subira. Mwili hauna subira. Dawa haina kadha. Iliyokupita imekupita."

"Ni kweli, mama," Rukiyo aliongeza. "Daktari ameniambia hivyo hivyo. Ukisahau kidonge, usikirundike juu ya kingine. Uliza kliniki. Na mimi nilikosea pia, Filsan. Nilikupa mzigo wa mtu mzima, nikawa nauliza kwa mdomo bila kutazama kwa macho. Kuanzia sasa nitampa ayeeyo dawa mwenyewe jioni, kama kliniki itakubali. Wewe utakuwa shahidi."

Kliniki ilikubali. Majuma yakapita, na kila magharibi Rukiyo alitoa kidonge kimoja, Filsan akakitazama kikiingia kinywani mwa ayeeyo. Jioni moja jirani alijifungua, hooyo akaenda kusaidia akachelewa kurudi, na Filsan akapitiwa na usingizi. Asubuhi ayeeyo alipokuwa akinywa chai, Filsan alisimama mbele yake na mbele ya hooyo, ambaye siku hiyo alikuwa amechelewa kwenda kwenye maziwa.

"Ayeeyo, hooyo, jana tulisahau dawa. Mimi nilikuwa shahidi, nikalala."

Rukiyo aliweka chini madumu yake, akachukua simu kuipigia kliniki. Ayeeyo alitabasamu, ukungu wa macho yake umeelekea mlangoni ambako jua lilikuwa likiingia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Hiyo, mjukuu wangu, nipe kila siku."