Posa Wakati wa Kura

Mastura alikataa katakata kusaidiwa. Pantoni ilikuwa ndiyo kwanza imegota Likoni, makuli wanarudi kutoka bandarini, baiskeli zinagongana, kuku wanapiga kelele matengani, na yeye amekikumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga. Buibui lilikuwa limemteleza begani, leso ya zambarau ikaonekana. Kijana mmoja mwenye kanzu iliyonyooshwa kwa pasi alijitolea kumbebea. Mastura akaitazama ile kanzu badala ya kumtazama mwenyewe, akamwambia kwamba aliyelishona pindo lake alikuwa na haraka zake.

"Basi nitakuletea uishone wewe," kijana akasema.

"Mimi ni ghali."

"Na mimi ni mvumilivu."

Ndivyo walivyojuana, Mastura mshonaji na Matano wa Mtongwe, karani wa bandarini. Pindo la kanzu hiyo lilishonwa mara nne kwa miezi sita, na anayeamini kuwa lilikuwa likifumuka lenyewe hajapata kupenda. Barua zilisafiri ndani ya mfuko wa kanzu hiyo, zikienda na kurudi. Matano akamwomba mjomba wake akapeleke posa, maana kwao Wadigo mjomba ndiye mwenye neno. Mzee akajibu kwamba siku njema ataichagua mwenyewe, asiharakishwe. Matano hakumwambia Mastura, alitaka kumfurahisha kwa ghafla.

Kisha kukaja habari za kura. Mwaka ule wa 1948 watu wa Likoni waliambiwa wamchague mmoja wao aingie baraza la ushauri. Wanaume walipa kodi wangejipanga mstari nyuma ya wamtakaye. Wanawake hawakuhesabiwa. Wakajitokeza wawili: Tsuma mwenye duka, mcheshi ambaye hakuna asiyempenda, na Matano.

Wanawake walikuwa na jambo lao moja. Mwaka uliotangulia, Nyamvula, dada yake Mastura, alishikwa na uchungu wa kuzaa akafia kivukoni akiingoja pantoni, kwa kuwa upande huu wa maji hapakuwa na mkunga wa serikali. Mastura ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Tangu siku hiyo alikuwa na hasira isiyokwisha, na hasira hiyo aliipeleka kwa Bi Mwanarusi, mkuu wa chama chao cha ngoma ya lelemama.

Bi Mwanarusi alikuwa mtu wa hesabu. Mgombea asiyepigiwa vigelegele, alisema, mkutano wake ni matanga. Basi chama kiende kwenye mikutano yote, leso sare, kikae mbele kabisa, na pasitoke kigelegele hata kimoja. Mmoja wao atauliza swali moja: baraza likikataa kuleta mkunga, wewe utafanya nini? Kura hatuna, alisema, lakini wenye kura wanakula kwetu. Wakamchagua Mastura kuwa muulizaji.

Tsuma alitangulia. Aliahidi mkunga, akaahidi hospitali, akakaribia kuahidi daraja. Alipoulizwa lile swali alicheka, akasema baraza haliwezi kumkatalia yeye. Wanawake wakamtazama kimya. Wanaume waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa, na mkutano ukavunjika kabla ya wakati.

Wiki hiyohiyo, siku tatu kabla ya mkutano wa Matano, mjomba akaiona siku yake njema. Akafika kwa kina Mastura na wazee wenzake, wamevaa makoti, na sinia limefunikwa kitambaa. Mtaa mzima ukaona. Kabla sinia halijafunuliwa, wanachama walikwisha semezana kwamba muulizaji amenunuliwa kwa ndoa. Mastura alisikia maneno hayo dirishani, na yeye mwenyewe akayaamini. Posa ikarudishwa na kikaratasi: "Ulinitaka mimi au ulitaka ninyamaze?"

Matano alikisoma mara nyingi. Kwanza alikasirika, akaapa kumsahau. Halafu aliwaza jinsi jambo lile lilivyoonekana kutoka upande wa pili, akaona haya.

Siku ya mkutano wake wanawake walikaa mbele, kimya. Mastura akainuka, akauliza lile swali.

"Kabla sijajibu," Matano akasema, "ile posa yangu nimeiondoa mpaka kura zipite. Asiwepo wa kumwonea haya mtu. Sasa swali. Baraza hili kazi yake ni kushauri tu. Siwezi kuwaahidi mkunga, nitakuwa mwongo. Nitauliza kila kikao. Cha tatu kikipita bila jibu, nitatoka barazani, nitasimama hapa niwaambie aliyekataa ni nani."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mastura alikaa chini akalia ndani ya buibui lake. Baadaye Bi Mwanarusi alimwendea mjomba, akaambiwa kwamba alitumwa posa kabla hata kura hazijatangazwa, naye akamfikishia Mastura habari hiyo.

Tsuma alipata habari za jibu la Matano. Siku mbili baadaye aliitisha mkutano mwingine, akatoa ahadi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Bi Mwanarusi alikuwa amekuja na karatasi iliyoandikwa ahadi hiyo. Tsuma akatia sahihi mbele ya watu wote, hana pa kutokea. Mistari ilipopangwa, wa Tsuma ukauzidi wa Matano kwa watu kumi na tisa.

Jumapili Mastura akaenda Mtongwe pamoja na Bi Mwanarusi, kwa sababu peke yake haikufaa. Wakamkuta Matano anapalilia mihogo, shati limelowa jasho. Bi Mwanarusi akasema anakwenda kumsalimia jirani, wala hakuwa na haraka ya kurudi.

"Maneno yangu ndiyo yaliyomshindisha Tsuma," Matano akasema.

"Ndiyo yaliyomfunga. Vikao vitatu, tumeviandika." Mastura akainamisha macho. "Nami nilikudhulumu, Matano. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Niwie radhi."

"Wallahi, hata mimi ningedhani hivyo." Akaweka jembe chini. "Mjomba hataki kusikia habari ya kurudi. Asema amefukuzwa na sinia lake."

"Mbembeleze. Mwambie aje Ijumaa."

"Na wenzio watasemaje?"

"Watasema nimeolewa na aliyeshindwa," Mastura akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Nyamvula azikwe, akacheka. "Lakini hayuko atakayesema nimenunuliwa."