Atakuaga Mwenyewe

Jioni ile nilitoka kwenda kumuaga mkunga wangu. Jambo dogo tu. Mimba ilikuwa imefika miezi minane, miguu imenivimba mpaka ndara hazinitoshi, presha inapanda kila nikipimwa. Mume wangu akasema imetosha, utajifungulia hospitali. Sikubisha. Siku hizo sikuwa na nguvu ya kubishana hata na kuku. Ukiniambia keti, naketi. Ukiniambia inuka, nainuka.

Hospitali nilipokelewa na nesi wa kuzalisha, mnene, mcheshi. Akaniuliza nani alikuwa ananipima mwanzo. Nikamtajia. Akavua glavu.

"Kamuage kwanza, mama. Sisi wakunga tuna adabu zetu. Mzigo wa mwenzio huupokei mpaka autue mwenyewe."

Basi nikaenda. Bibi mkunga alipanga chumba cha uani, nyuma ya duka la vipuri. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena...

"Pita."

Taa hajawasha. Chumba kinanuka sabuni na nguo zisizokauka vizuri. Yeye yuko kitini, mikono mapajani.

Huyu bibi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuwahi kuanza na mimi. Miezi yote ile, nikishalala kitandani, analiinamia tumbo na kusalimia, "Hujambo humo ndani?" Anangoja. Mtoto anapiga teke. Ndipo anageuka kuniuliza mimi kama nimekula. Nilikuwa nikimwambia mume wangu, kule mimi ni mlango tu, wenyewe wanazungumza wao kwa wao. Tulikuwa tunacheka.

Nikamweleza habari ya presha na hospitali. Hakukasirika.

"Wewe nenda, mwanangu. Nimekuruhusu."

"Asante, bibi."

"Na huyu?"

Akaweka kiganja tumboni kwangu. Kilikuwa cha baridi, kikapenya nguo. Mimi kiuno kinawaka moto, nataka kuondoka. Ulimi hauna mfupa. Nikacheka kidogo, nikasema kama mtu anavyosema ili mambo yaishe.

"Huyu atakuaga mwenyewe, bibi, akishazaliwa."

Hakucheka.

"Ameahidi?"

"Ameahidi."

Akainama mpaka mdomo wake ukakaribia kitovu changu. Akanong'ona. "Umesikia, eh? Basi... nitakungoja."

Mtoto akapiga teke moja.

Kisha akatulia.

Njiani nikaanza kuhisi ganzi. Ilianzia pale pale palipowekwa kiganja, ikatambaa taratibu mpaka mgongoni. Nilijifinya, nisisikie maumivu. Nikafika nyumbani, nikapika, nikala, nikaosha vyombo. Mume wangu akauliza, "Amekubali?" Nikasema amekubali. Usiku kucha mtoto hakucheza. Nilikuwa najua hachezi, na sikuogopa. Nililala usingizi mzito kabisa.

Asubuhi nesi akasikiliza tumbo, sikio moja, kisha la pili. Moyo upo, akasema, unapiga vizuri.

"Ila kimya chake huyu... kama mtu anayesikiliza kitu. Mwenzangu alisema nini?"

Nikamsimulia yote, pamoja na mzaha wangu. Ucheshi ukamtoka usoni. Akaiondoa mikono yake tumboni polepole.

"Mama, wewe umeaga. Mtoto umemtolea ahadi."

"Nilikuwa natania."

"Yeye hakutania. Rudi leo leo. Mwombe radhi, aagane naye akiwa bado tumboni."

Nikarudi, safari hii na mume wangu. Nje ya mlango wa bibi viatu vilikuwa vimejaa, vya kike na vya kiume. Mpangaji mwenzake akatusogelea. Bibi alikutwa asubuhi kitini, akasema, mwili umeshapoa.

"Hata kulala hakulala, jamani. Amekaa tu, uso ameuelekeza mlangoni, kama anayemngoja mtu."

Mume wangu akatoa pole. Mimi nikaomba maji ya kunywa, nikanywa kikombe kizima. Sikujua la kufanya lingine.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume. Hakulia. Nesi alimpapasa mgongo, akampiga nyayo, wapi! Anapumua vizuri, macho wazi, kimya. Akamfunga khanga, akanipa. Nikamshika mkono asiondoke.

"Nesi, itakuwaje?"

Akatazama nyuma kwanza.

"Hakuna mtoto anayejua kuaga mpaka afundishwe," akanong'ona. "Basi wewe usimfundishe. Siku akimuaga yule, atakwenda naye."

Sijamfundisha. Sasa anatambaa, meno yameanza kutoka. Mgeni akiinuka kuondoka, mimi nambeba mtoto haraka namwingiza chumbani. Kwetu hakuna kupunga mkono. Wifi yangu amenuna, anasema ninalea mtoto asiye na adabu. Na aseme! Mume wangu ameacha kuniuliza. Kutwa nafua, nadeki, nanyonyesha, mwili wangu bado una ganzi ile ile, nimeshaizoea.

Jana jioni nilikuwa nimempakata sebuleni. Mlango uko wazi tupate hewa. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyekuwa anaondoka. Nilikuwa nampigisha soga, yeye akanyamaza zaidi ya kawaida yake... akageuza kichwa.

Pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Akatabasamu. Akainua mkono. Vidole vikafumbuka, vikajifumba. Vikafumbuka, vikajifumba, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo aliloelekezwa zamani.

Nikaudaka ule mkono, nikaubana kifuani kwangu. Ganzi yote ikanitoka kwa mpigo. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka nikasahau jina la mume wangu la kuita.

Mtoto hakulia. Akainua wa pili.