Alikata Jina la Baba Ndani ya Sauti ya Mama

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na tatu, nauza mitumba hapa Suna, mjini Migori. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nikiandika vibaya mnisamehe. Haya nimeandika nikafuta, nikaandika tena... maana nina hasira, na mtu mwenye hasira ni rahisi kumwonea mwenzake. Nitajaribu nisimwonee.

Baba yangu alipofariki, mama alikataa kurithiwa na shemeji zake. Aliwaambia wazi, bila matusi, kwamba mume wake ni mmoja na amelala pale kando ya nyumba. Kwetu Waluo hilo si jambo dogo. Walimnunia, lakini walimheshimu, kwa sababu alikaa na neno lake.

Mama anaimba... au niseme alikuwa anaimba. Nikataka tumrekodi bado ana nguvu, wimbo wa kumkumbuka baba. Na mtu wa kurekodi tulikuwa naye kwa ukoo: Ochi, mtoto wa mama yangu mdogo, mwenye studio Homa Bay, kuta zimebandikwa trei za mayai na blanketi. Ochi ni fundi, hilo sitamnyima. Tena kwenye matanga ya baba ndiye aliyeleta spika na kukaa na sisi mpaka wageni wote wakaondoka.

Mama aliimba wimbo ule ule mara kadhaa. Kila mara moja ya kuimba, mafundi wa studio huiita teki. Baadaye fundi huchukua ubeti kwa hii, kiitikio kwa ile, anaunga mpaka unakuwa wimbo mmoja.

Kwenye teki ya tatu mama alifanya kitu ambacho hatukupanga. Muziki ulipopoa alitoa pakruok, yale majigambo yetu ya katikati ya wimbo, ambapo mtu anajisifu na kumsifu mtu wake. Alisema, "Mimi binti ya Kadem, mnauliza naringa na nani? Naringa na chuora..." Kadem ni kwao alikozaliwa, na chuora ni kusema mume wangu. Akavuta pumzi, kama mtu anayepanda kilima, kisha akalitaja jina la baba: "Ojwang', aliyenunua baiskeli kabla ya kitanda."

Ochi alicheka mpaka akavua hedifoni. Mimi nililia.

Taabu ilikuwa kuunga. Mara sauti mbili za mama zinaimba pamoja kama mapacha wanaogombana... kumbe teki mbili zimeachwa wazi, Ochi akazima moja. Mara anakata teki moja na zingine zote zinakatika mahali pale pale, kwa sababu alikuwa amezifunga pamoja. Akazifungua. Mara kila kiungo kinalia tak, kama njiti ya kiberiti ikivunjika.

"Dada, ukikata katikati ya sauti lazima ilie," akanieleza. "Kata kwenye kimya, halafu hii ishuke polepole ile ikipanda."

Nilikaa kando yake nikimwambia hapo bado inalia, hapo imeisha. Ile tak niliijua kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake.

Siku chache baadaye akanipigia simu, sauti iko chini. Teki ya tatu imeharibika, faili haifunguki. Amejaribu mpaka amechoka. Na mimi nikampa pole... mimi ndiye nilimpa pole! Wimbo ukatoka bila pakruok. Mama akasema si neno, Mungu ameisikia.

Kampeni zikaanza. Siku ya soko nilikuwa Kisegi na nguo zangu, gari la mgombea likaingia na spika juu. Jina la mgombea silitaji, kwa sababu sijui kama yeye alijua. Wimbo haukuwa wetu. Mdundo haukuwa wetu. Muziki ukapoa, na nikamsikia mama yangu.

"Naringa na chuora..."

Ile pumzi. Halafu tak. Halafu sauti ya mwanamke mwingine, imeshushwa ifanane na ya mama, ikalitaja jina la mgombea.

Nilijiambia labda masikio yangu. Sauti si hufanana? Nikaacha nguo zangu chini nikalifuata lile gari mpaka wimbo ukarudi. Pumzi ile ile. Tak ile ile.

Kwa simu za watu, wimbo ulifika nyumbani kabla yangu. Shemeji mkubwa wa mama alikuja mpaka mlangoni, majirani wakisikia.

"Shemeji, kumbe sisi tulikuwa tunakuchelewesha," akasema. "Ungesema tu uko na Mheshimiwa, tungekusindikiza na kuku."

Watu wakacheka. Kanisani, wamama waliokaa naye benchi moja wakaanza kukunja sketi zao akipita. Mjane aliyekataa kurithiwa, sasa anamwita mume wa watu mume wake, kwa spika, sokoni. Utawaeleza aje mambo ya teki?

Nikaenda Homa Bay.

"Dada, sauti za wamama zinafanana bana," Ochi akasema.

"Fungua kompyuta."

"Stima zimepotea."

Feni ilikuwa inazunguka nyuma ya kichwa chake. Nikamwuliza, "Na hiyo inakula nini? Ugali?"

Akafungua. Sauti ya mama ilikuwa pale kwenye skrini, mstari wa kijani, na mwisho wake kimebandikwa kipande chekundu kifupi kama kisiki. Akaanza kusema ni kompyuta ilichanganya teki.

"Ochi, mimi nimekaa kwa hicho kiti," nikamwambia. "Kompyuta inaweza kulia tak. Inaweza kuimbisha mama wawili. Lakini kompyuta haijui jina la mgombea."

Akasema watu wa kampeni walitaka sauti ya mama mzee, na hakuna anayemfikia mama mkubwa. Alifikiri hatutajua.

"Basi nirudishie jina la baba."

Hakuwa nalo. Kile kipande alichokata alikuwa amekifuta, kisije kikaonekana.

Aliomba msamaha na machozi yalikuwa ya kweli, hilo nalo niandike. Aliwapigia simu, wimbo ukatolewa kwenye magari. Lakini simu za watu nani atazifuta?

Nilimpelekea mama simu yangu, nikamwomba aseme tena maneno yale, mara moja tu, nimrekodi mwenyewe. Alikuwa anamenya njugu. Akaangalia upande wa kaburi la baba.

"Nikisema chuora tena," akaniuliza, "mara hii wataweka nani?"

Akarudi kwa njugu zake. Hajaimba tangu hapo, hata kanisani.

Wasomaji wenzangu, sijui kama nina haki ya kumfundisha mtu... lakini nawaomba. Usitoke studio bila teki zako zote, nzuri na mbaya, hata kama fundi ni damu yako. Akikuambia moja imeharibika, mwambie uione kwa macho yako ikikataa kufunguka. Mimi sikuuliza. Niliogopa Ochi ataona simwamini. Heshima ya Ochi nikailinda... na ya mama ikazungushwa sokoni juu ya gari.