Waya Kwenye Tawi

Mashahidi wote, hata wale wasiosalimiana, wanakubaliana juu ya haya: mkono wa msichana ulivunjika mchana kweupe, hakuanguka, na hapakuwa na mtu aliyemgusa. Mengine yana ubishi, na yanastahili kupimwa.

Baba yake ni kinyozi. Mteja aliyekuwa akihama alimwachia mti wa bonsai, mti mzima uliodumazwa ndani ya chungu kifupi kama bakuli, tawi lake moja likiwa limezungushiwa waya ili lijikunje.

"Gome likianza kunenepa, toa waya," alimwagiza. "Ukate vipande vipande. Usiuzungushe kuutoa, fundi, tawi litavunjika."

Kinyozi, mgeni kabisa wa miti, aliyapokea maagizo hayo kwa sikio la kazi yake. Alijua kwamba mtindo ukifunguliwa mapema hupotea. Akauacha waya.

Ilianza harufu. Kila alipoumwagilia mti, saluni ilinuka damu mbichi.

"Leo umenyoa au umechinja?" mteja mmoja alimtania.

Mtu makini atasema ni kutu. Hata hivyo, waya ule ulikuwa wa shaba, na shaba haishiki kutu nyekundu.

Kisha binti, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, aliamka na mfereji mwembamba uliouzunguka mkono wake kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

"Nani amekufunga kamba, mwanangu?"

"Hakuna mtu, mama. Kunaniminya tu."

Daktari alilaumu mpira wa nguo. Mfereji ukazidi kuzama, nyama ikavimba pembeni yake. Mama alipompelekea mumewe chai saluni, aliutazama mti, na kikombe kikamponyoka. Gome lilikuwa limeumeza waya.

"Baba Chiriku," alinong'ona, "mizunguko ni ileile."

Siku hiyohiyo walimketisha binti kwenye kiti cha kunyolea, mbele ya mti, wakamwita mjomba wake, seremala. Alikuja na shoka na kicheko.

"Shemeji, mwanamume mzima unaogopa mchicha?"

"Sema polepole, kaka," dada yake alimsihi. "Mti unasikia."

Chiriku akapiga yowe. Damu ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye mfereji, na kwenye tawi palisikika mlio wa waya unaokazwa, ingawa hakuna aliyeugusa. Kinyozi, akili zikiwa zimemruka, alisahau alichoagizwa, akaikamata ncha ya waya iliyobaki nje kwa koleo na kuanza kuuzungusha, na kila mzunguko uliotoka ulibandua ukanda wa gome kwenye tawi na ukanda wa ngozi kwenye mkono wa mwanawe, naye akizidi kuharakisha ili amwokoe, hata tawi likalia ka! na mfupa ukachomoza nje, mweupe, na kioo kikubwa cha ukutani kikapasuka chote kwa pamoja, na kinyozi akarushwa mgongo kwanza juu ya vigae vyake, na seremala, ambaye kicheko kilikuwa kimekwisha kumtoka, akaliinua shoka juu ya shina.

"Kata, mjomba," Chiriku akasema kwa sauti nzito ya mzee. "Tutakatika wote."

Shoka lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Mama alimrukia kaka yake, likaparuza shina tu. Ubavu wa Chiriku ukafunguka kutoka kwapani hadi kiunoni.

Inawezekana ni kipande cha kioo kilichompasua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kioo hakivunji mfupa wa mkono.

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. Alinusa, akarudi nyuma. "Huyu aliyemo mtini hatolewi," alisema. "Huyu hulelewa."

Chiriku alipona, mkono ukiwa umejikunja kama tawi lilivyokuwa limekunjwa. Haongei tena. Kinyozi humwagilia mti kila asubuhi kabla hajafungua mlango. Siku aliyosahau, midomo ya binti ilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Basi asiyeamini asibishane. Mti uko dirishani, mkasi umetundikwa kando yake, na msichana huketi kwenye kiti kinachouelekea. Kata jani moja tu, ukimtazama usoni. Kisha toa hukumu yako.