Ganzi Niliyomkatalia Mama

Kila alfajiri mama yangu, Bunruan, alikuwa akishuka ngazi kumi na moja za nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, kikapu cha wali wa kunata mkononi, akawape watawa wa Kibudha wanaopita kupokea chakula, kisha akapanda tena. Huko juu ndiko alikotuzaa sote, na ndiko iliko picha ya marehemu baba. Goti lilipochakaa akaanza kupanda kwa kutambaa. Majirani, mlimwona. Alikubali kuwekewa goti la bandia kwa sababu moja tu: apande kwake kwa miguu yake.

Hospitalini, daktari wa usingizi alieleza kwamba atamchoma sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu wa pajani, ili baada ya upasuaji maumivu yasimzuie kukunja goti. Ganzi ingeisha baada ya siku moja au mbili. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikakataa. Muuza samaki mmoja alinisimulia juu ya mtu aliyepooza kwa sindano kama hiyo. Sikuuliza ni nani wala wapi.

"Kaka, goti ni la nani," aliuliza dada yangu Lamduan, "lako au la mama?"

"Mama amepanda mpunga miaka hamsini. Atashindwa na kidonda?"

Mama akamwambia daktari iwe nilivyosema. Kwetu mzazi hamwaibishi mwanawe mbele ya daktari.

Baada ya upasuaji muuguzi alimuuliza maumivu yamefika ngapi kwa kumi. Akajibu mbili, na shuka limelowa jasho. Nami nikajisifu wodini kwamba nilisema kweli. Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipotaka kumkunja goti, mama alimshika mkono akamsihi aache. Kesho yake vivyo hivyo, na nyumbani vivyo hivyo. Tuliporudi kliniki, kovu lilikuwa limekaza, goti halikunjiki tena.

Sasa analala chini ya nyumba, kando ya mtambo wake wa kufumia nguo. Juzi nilimwomba radhi, nikainama nimbebe mgongoni nimpandishe.

"Acha, mwanangu," alisema. "Mtanipandisha siku nikifa. Siku hiyo goti halitauma."

FUNZO

Mwili ni wa mgonjwa, na uamuzi ni wake. Ukiogopa dawa, muulize daktari mpaka uelewe, usimuulize muuza samaki. Na mzazi akikwambia haumii, mtazame usoni. Mimi sikumtazama.