Hukuniomba, Deiniol

Jumamosi hiyo soko la mji wa Caernarfon lilikuwa limefurika, na Deiniol, nyuma ya meza ya jibini ya shangazi yake Menna, alikuwa akipiga domo na wateja watatu kwa mpigo. Ndipo sauti nyororo ikamwomba kipande cha jibini kwa Kiwelisi cha mimbarini, kile cha "naomba unijalie." Akainua macho. Koti la mvua la manjano, skafu ya buluu, nywele nyeusi zilizokatwa usawa wa kidevu.

"Kiwelisi hicho umefundishwa na mchungaji gani, dada?"

"Na vitabu," msichana akajibu, mashavu yakiiva. "Naitwa Kozue. Nasoma chuo cha Bangor. Nalinganisha lugha yenu na Kijapani chetu."

"Zinafanana nini, jamani, zaidi ya mvua?"

"Maneno yana haya huku na huku. Neno likiketi jirani na jingine, linabadilisha herufi yake ya kwanza. Ila ninyi mnaanza na kitendo, sisi tunakiweka mwisho kabisa. Kwetu lazima umsubiri mtu amalize, ndipo ujue kakubali au kakataa."

Shangazi Menna akaangua kicheko mpaka kofia ya sufu ikamwendea pembeni. "Umsubiri mtu amalize? Hapa Caernarfon? Ungezeeka, kifaranga wangu!"

Deiniol akamkatia kipande kikubwa kuliko alichoomba. Shangazi aliona, na kwa kuwa aliona yeye, kufikia saa sita mji mzima ulikuwa umeona.

Basi ikawa kila Jumamosi. Deiniol akamfundisha Kiwelisi cha mtaani, matusi mepesi yakiwemo. Kozue akamfundisha kushika vijiti, na kunyamaza mwenzake anapozungumza, somo lililomshinda kabisa. Wakatembea ufukweni, bega kwa bega. Na simu zilikuwa hazikauki.

"Umekula, kifaranga?"

"Nimekula. Unauliza kama mama yangu."

"Mama yako ana ndevu kama zangu?"

"Ana akili kuliko zako."

Masika yalipoingia, Deiniol alimpeleka kwa mama yake, Nerys, kula chakula cha mchana cha Jumapili. Kwa watu wa kule hilo si jambo dogo. Ukimketisha msichana kwenye meza ile, mbele ya wajomba na mawifi, umeshatangaza. Aliyebaki na swali ni kiziwi. Kozue alivaa gauni la rangi ya kijivu na herini ndogo za lulu, akala mwanakondoo na viazi, akasifu kila kitu. Ulipoletwa wali uliopikwa kwa maziwa na sukari, akautazama kama mtu aliyeona jamaa yake kavaa nguo za ajabu, kisha akaumaliza wote kwa heshima.

"Chuo cha kwetu Kanazawa kimenipa kazi," akasema. "Wanataka jibu kesho."

Vijiko vikasimama. Deiniol alikuwa hajui.

"Na mpenzi wako huyu," Shangazi Menna akaropoka, "unamwachia nani?"

Kozue akashangaa kweli. "Deiniol? Deiniol ni rafiki yangu mzuri sana."

Kimya kilichoingia nyumba ile, iliyokuwa haijapata kunyamaza tangu ijengwe! Wifi mmoja akajifanya kukohoa. Deiniol alimrudisha Bangor kwa gari, redio ikiimba peke yake.

Jioni akashindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Rafiki? Mbele ya mama yangu, Kozue?"

"Sasa ningesema nini? Hukuniomba."

"Kukuomba nini?"

"Kwetu mtu husimama, anasema: nakupenda, naomba tuwe wapenzi. Mwenzake anajibu. Kabla ya hapo, hata mle pamoja mwaka mzima, ninyi ni marafiki. Nimekungoja, Deiniol. Kila Jumamosi nasema leo atasema. Wewe unanisimulia jibini!"

"Nimekupeleka kwa mama! Jumapili! Kwetu hapo mtu ameshasema yote."

Sauti ya Kozue ikawa ndogo. "Nililetwa mezani na sikujua nimeletwa. Ninalinganisha lugha mbili tangu mwaka jana, na hilo halimo katika kitabu chochote." Akaongeza: "Lakini kesho asubuhi lazima niwajibu. Na mimi sitakaa nchi ya watu kwa kukisia."

Asubuhi Deiniol alivaa suti yake ya mazishi, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akapaka mafuta nywele, akaendesha hadi Bangor. Kozue akafungua mlango akiwa na sweta refu na soksi za sufu. Dirishani juu, mwenye nyumba, Bi Eirlys, rafiki wa Shangazi Menna, akasogeza pazia bila hata kujificha.

"Nilitaka kusema kwa Kijapani," Deiniol akasema, amesimama wima kama mlingoti. "Nikaona nitaomba kitu nisichokielewa. Kwa hiyo nasema kwa lugha yangu. Nakupenda, Kozue. Naomba uwe mpenzi wangu. Ukienda Kanazawa nitakuja huko kuuza jibini, lakini nijibu."

Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akangoja.

Kozue akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Nakukubali," akasema. "Nitunze."

Kisha akachukua simu, akapiga Kanazawa palepale kizingitini. Akaongea Kijapani kwa upole, akiiinamia simu kana kwamba inamwona, na Deiniol hakuambulia hata neno. Alipokata, jasho lilikuwa limeloanisha kola ya suti.

"Umewaambiaje?"

"Nimesema nashukuru sana, nitalifikiria."

"Utalifikiria?" Sauti ikampasuka. "Kozue! Mimi nimevaa suti!"

"Kwetu ukimwambia mtu hivyo, amejua umekataa, na hakuna aliyeaibika. Profesa ameelewa. Kanitakia heri."

Deiniol akamtazama kwa mashaka. "Na mimi uliponiambia unanikubali... kwenu hiyo maana yake nini?"

"Maana yake nakukubali, mjinga wewe. Ingia, nje baridi."

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo. "Kamkubali!" Bi Eirlys akapaza sauti, simu ikiwa tayari sikioni. "Menna, unanisikia? Kamkubali!"