Kamba Iliyopinda Nyuma ya Nguva

Siku ambayo Mahir aliingia baharini asirudi akiwa hai, yeye na mkewe waliagana vibaya, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa lenzi.

Chini ya maji hubadilishi lenzi. Uliyoifungia pamoja na kamera kwenye boksi lisilopenya maji, ungali nchi kavu, ndiyo utakayotoka nayo. Shahinda, ambaye naye ni mpiga picha, alitaka mumewe achukue lenzi pana, ili akae mbali kidogo na wanyama. Mahir alitaka jicho la samaki, lenzi inayoona ubavu hadi ubavu, lakini inakudai umsogelee mnyama mpaka karibu umguse.

"Daktari ameshakuonya na huo moyo," Shahinda alimwambia. "Ukimwona nguva utamfuata mpaka usahau kupumua."

"Mke wangu, ukikaa mbali unapiga picha ya maji tu."

Shahinda akabamiza mlango wa jikoni. Hakuona ni lenzi gani iliyoingia kwenye boksi.

Mchana, Rauf alipiga simu kutoka gatini. Ndiye aliyekuwa akizama na Mahir siku zote. Moyo wa Mahir ulikuwa umesimama kulekule chini. Kamera, Rauf alisema, ilimponyoka ikapotelea kilindini.

Shahinda alimlilia mumewe, na akalilia picha za mwisho ambazo hangeziona kamwe. Rauf alikuwepo. Alileta samaki, akatengeneza bomba, akamsikiliza. Mwaka ulipopita, neno "shemeji" likaanza kumpotea mdomoni. Akawa anamwita Shahinda, baadaye Shahinda wangu. Naye Shahinda, aliyedhani amesahau kucheka, akajikuta anacheka. Alipoposwa, alikubali.

Ijumaa ya kusoma Fatiha ya kufunga posa, sebule ya baba yake pale Quseir, pwani ya Misri, ilijaa watu. Sharubati nyekundu ilikuwa tayari kwenye glasi, ikisubiri dua iishe. Rauf aliingia na zawadi ndani ya fremu kubwa: nguva anakula majani, pua yake imejaa katikati ya picha. Wageni wakasema mashallah. Rauf akawaeleza kwamba aliipiga mwezi uliopita, na tayari imempatia tuzo Kairo.

Shahinda alifurahi. Kisha macho yake yakaenda pembeni, kwenye kamba ya boya la ghuba aliyofia Mahir. Kila mpiga mbizi wa pale aliishika akishuka. Kule baharini ilikuwa imekazwa, imenyooka wima. Kwenye picha ilikuwa imepinda kama upinde.

Wanaume walikuwa wameshainua mikono.

"Baba, msisome kwanza."

Mikono ikabaki hewani.

"Rauf, ulitumia lenzi gani?"

"Pana. Si unajua sina nyingine? Mambo ya kazi tutaongea kesho."

"Lenzi pana inaiacha kamba ilivyo. Hii imepindwa na jicho la samaki. Lile ulilokuwa ukilicheka, ukisema linampa kila samaki kitambi."

"Niliazima."

"Na hili pezi uliazima pia?"

Aliweka kidole kwenye kona ya chini. Jicho la samaki huona mno, hata humnasa mpigaji mwenyewe. Ilionekana ncha ya pezi jeusi la mguuni, lenye kiraka cha bluu.

"Kiraka hiki nilikibandika mimi, kwa gundi ya viatu. Pezi lenyewe ni la Mahir, liko uvunguni mwa kitanda changu tangu siku aliyokufa."

Rauf alitazama zulia.

"Nilitaka kukupa kamera," alisema taratibu. "Nikawaonyesha watu picha kwanza, wakadhani ni yangu. Nikanyamaza."

"Nilikaa mbele yako nikiililia picha hii, na wewe ukanipa kitambaa nifute machozi."

"Nakupenda, Shahinda. Hilo si uongo."

"Labda. Nenda kalete kamera."

Baba yake alishusha mikono. Sharubati ikarudishwa jikoni.

Kamera ililetwa jioni na dereva wa teksi. Ujumbe ukaingia kwenye simu: "Shemeji, nisamehe." Shahinda aliufuta bila kujibu.

Ndani yake, baada ya nguva, kulikuwa na picha moja zaidi. Mahir alikuwa ameigeuza kamera, akajipiga kwa karibu mno, mashavu yamevimba kama puto, kidole gumba kimekuwa kikubwa kuliko kichwa. Alikuwa anamtania Shahinda kwa ule ugomvi wa lenzi.

"Mjinga wewe," Shahinda aliiambia picha, kwa hasira ileile ya mlango wa jikoni, na hapo ndipo alipolia.

Waandaaji wa tuzo wamebadilisha jina chini ya picha ya nguva, sasa ni la Mahir. Shahinda amerudi kuzama, na kwenye boksi lake hufungia jicho la samaki.